Nlidhani ni moyo: nilivyotembea mpaka wasiwasi ukapungua

Naulizwa sana na wanawake wenzangu huku Mji wa Kale wa Mombasa, "shoga, unatembea kupunguza mwili?" na nkisema hapana, natembea kwa ajili ya kichwa, wananitazama kama nawafanyia mzaha. Basi naandika yote hapa, nkiulizwa tena namtumia mtu asome mwenyewe. Na pia najua kuna mtu saa hizi ameshika kifua, amefanya vipimo vyote, kila kipimo kinatoka kizuri, na bado ana hakika anakufa. Huyo ndo namuandikia hasa.

Mamangu alipata stroku. Upande wa kulia wote ukalala, maneno yakawa yanatoka nusu nusu, na mimi ndo mtoto niliyekuwa karibu, ndugu zangu mmoja yuko Muscat na mwengine Nairobi. Nkamuuguza nyumbani karibu miaka miwili. Kumgeuza, kumuosha, kumlisha uji kwa kijiko, kumpeleka fisio kunyooshwa viungo, dawa za presha kwa saa zake. Silalamiki, ni mamangu, na lau angerudi leo ningefanya tena. Lakini ukweli ni kwamba kwa muda wote ule mwili wangu haukupumzika hata nkiwa nimelala, sikio moja liko chumbani kwake, akikohoa tu mimi nishasimama. Alipofariki tukazika, hitma ikasomwa, watu wakajaa mpaka barazani, arubaini ikapita kila mtu akaenda zake. Hapo ndo mambo yakaanza, wakati ambao kila mtu alikuwa ananambia "sasa pumzika".

Mara ya kwanza ilinishika dukani. Nafanya kazi duka la leso hapo Biashara Street, kazi yenyewe ya kukaa, kuuza na kuandika hesabu. Nlikuwa namkunjulia mteja doti asome jina, yale maneno ya kwenye leso, ghafla moyo ukaanza kudunda kama mtu anagonga mlango kwa ngumi, vidole vikafa ganzi, jasho la baridi likanitoka mgongoni, nkawa navuta pumzi na haishuki, na yule mteja nkimuangalia naona kama yuko mbali, sauti yake naisikia kama ya chumba cha pili. Nkajua tu, na mimi nafuata mamangu. Wakanitia kwenye tuktuk hao mpaka hospitali.

ECG, kile kipimo cha moyo, ikatoka sawa. Presha ilikuwa juu kidogo nilipofika, baada ya nusu saa ikashuka yenyewe. Damu wakapima, sukari wakapima, nkaambiwa niko sawa nirudi nyumbani. Wiki ile ile ikanirudia usiku, na tena ndani ya matatu juu ya daraja la Nyali ambapo huwezi hata kushuka. Nkaenda kliniki nyengine, huko nkaambiwa ni gesi, nkauziwa dawa ya gesi, tena si ya bei rahisi. Ya tatu wakasema vidonda vya tumbo. Ukijumlisha vipimo, ada za madaktari na tuktuk za kwenda na kurudi zilinitoka kama elfu kumi na mbili kabla sijajua naumwa nini, na hizo ni pesa za mtu anayelipwa kwa mwezi dukani, si mtu wa mshahara wa bandari.

Nkasomewa pia. Ami yangu alimleta sheikh nyumbani, akanisomea, na usiku ule nlilala vizuri, sitaki mtu anisome vibaya hapa, kisomo kina nafasi yake na mpaka leo naendelea na nyiradi zangu asubuhi na jioni. Ila kuna watu walitaka iwe ni jini tu au ni hasad, jicho la watu, na nisitafute daktari mwengine, na hilo nlilikataa, na nafurahi nlilikataa.

Wakati huo huo, bila mimi kujua, nlikuwa nimeanza kujifungia. Ngazi za nyumbani kwetu ni zile za kizamani, nyembamba na zimesimama wima, nkaacha kuzipanda isipokuwa lazima, kwa sababu nkifika juu moyo unadunda na ukidunda naogopa. Markiti nlikuwa naenda kwa miguu toka utoto wangu, nkawa nachukua tuktuk. Nkaacha kahawa, sawa. Nkaacha kubeba ndoo. Nkaacha kucheka sana, wallahi, maana kicheko pia kinapandisha moyo. Kila kitu kinachoufanya moyo uende mbio nkawa nakikimbia, na kadiri nilivyokimbia ndo kitu kidogo zaidi kikawa kinatosha kunishtua. Mwisho nlikuwa nakaa kwenye kochi nahesabu mapigo yangu mwenyewe.

Daktari aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo, mpole, hana haraka. Alinisikiliza yote, akapima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, na wingi wa damu, kwa sababu thairoidi ikizidi kufanya kazi au damu ikipungua, moyo unaweza kwenda mbio kweli na hilo ni ugonjwa wa mwili, unatibiwa kivyake. Vilipotoka salama akaweka kalamu chini, akanambia, "Mwanangu, moyo wako mzima. Hii inaitwa mashambulio ya hofu, na juu yake una huzuni ambayo hujaimaliza." Akanieleza kwamba mwili una kengele ya hatari, ikilia inamwaga homoni ya adrenalini, moyo unaharakisha, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia kwenye misuli ili mtu akimbie au apigane. Mimi kengele yangu nimeiacha imewashwa miaka miwili, sasa inalia hata hakuna moshi. Akasema mara nyingi shambulio linafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha linashuka, hata usipofanya kitu.

Akaniandikia kidonge cha kila asubuhi, akanionya kitachukua wiki kadhaa kabla nisikie tofauti na nisikikatize ghafla bila kumuona. Akanipeleka kwa kaunsela. Halafu akasema, "na utembee." Nkamwambia daktari, kutembea ndo kunanipandisha moyo, hicho ndo naogopa. Akatabasamu. "Ndo maana nataka utembee."

Hili ndo jambo lililonibadilisha na ndo nataka msomaji alielewe vizuri, maana watu wakisema mazoezi ni mazuri kwa akili wanataja tu ile homoni ya raha, ukikimbia unafurahi basi. Mimi hiyo raha miezi ya mwanzo sikuiona. Kilichonisaidia ni kwamba mtu akitembea kwa kasi moyo unadunda, anatokwa jasho, anahema, vile vile kabisa kama kwenye shambulio, lakini safari hii kuna sababu unaijua na ukisimama vinashuka. Ukirudia mara nyingi, ubongo unazoea kwamba moyo kwenda mbio ni jambo la kawaida, na kengele inaanza kupunguza kulia. Kwa hivyo kama na wewe umeanza kuogopa mapigo yako, kupumzika sana si dawa.

Mtoto wa ami yangu akakubali kufuatana nami. Tulikuwa tunatoka kukishapambazuka baada ya alfajiri, kwa sababu mbili: jua la Mombasa halina huruma, na njia bado haina watu wengi. Tunapitia Fort Jesus, tunashika njia ya Kizingo mpaka Lighthouse, na baadaye tulipopata nguvu tukawa tunaendelea Mama Ngina chini ya mibuyu mpaka karibu na feri. Pale tangu patengenezwe mwaka 2019 pana njia pana ya kutembea na viti vya kukaa, na asubuhi utakuta wazee, wasichana wa hijabu, vijana wanaopiga pushapu, meli zinaingia bandari ya Kilindini ziko karibu utadhani unaweza kuzigusa.

Siku za mwanzo tulifika Lighthouse tu, na mara moja ya siku hizo ndo nataka kuieleza. Tumepandisha kidogo, upepo umesimama, nkasikia moyo umeshika kasi na vidole vinaanza ganzi. Nkasema, basi, ita tuktuk. Mwenzangu hakuita. Akanikalisha kwenye ukuta ule mfupi, akanishikisha vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wangu mwenyewe, akatoa simu akaweka saa, tukahesabu sekunde kumi na tano. Thelathini na mbili. Zidisha kwa nne, mia na ishirini na nane. "Haya, tukae," akasema, akaanza kunipigia hadithi za mama mkwe wake na jokofu alilolinunua kwa mkopo. Tukahesabu tena, mia na kumi na mbili. Tena, tisini na sita. Mimi macho yote kwenye ile simu. Nlikuwa nimehesabu mapigo yangu mara nyingi sana nyumbani, lakini sijawahi kukaa nkayaangalia yakishuka, kwa sababu siku zote nlikuwa nakimbilia hospitali kabla hayajashuka. Tukarudi kwa miguu. Jokofu lenyewe lilikuja kuharibika lakini hiyo hadithi nyengine.

Kama utajaribu hili, tafuta mtu wa hivo, asiyeogopa haraka na asiyekulazimisha pia. Mumeo anaweza asiwe ndo mtu huyo. Wangu alikuwa akiniona nimeshika kifua anageuka rangi kuliko mimi.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa usingizi. Baada ya wiki tatu nne hivi nkaanza kulala kabla ya saa sita usiku. Halafu hasira, nlikuwa nishafika mahali nawapigia watoto kelele kwa sababu ya kijiko, hiyo ikapungua. Huzuni ya mama haikuondoka, ila ilibadilika, nkawa naweza kulia nkitembea halafu nkamaliza, kabla ya hapo nlikuwa silii kabisa. Mashambulio yenyewe yakapungua taratibu, si siku moja, na kuna miezi yalirudi yote kama vile sijafanya kitu. Hapo watu wengi ndo huacha.

Nlipopata nafuu nkaanza kusoma kwenye simu, kuna utafiti mmoja ulinifurahisha, wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, matokeo yalitoka mwaka 1999. Walichukua watu 156 wenye sonona, yaani huzuni iliyofika kuwa ugonjwa, wa miaka 50 kwenda juu, wengine wakapewa mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine dawa ya sertraline, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa sawa, ila wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi. Kuna watu wakisoma hivo wanatupa vidonge. Usitupe. Mimi nlitumia vyote, na nadhani bila kidonge nisingepata hata nguvu ya kufunga kamba za viatu, daktari ndo alikuja kunipunguzia mwenyewe kidogo kidogo baada ya zaidi ya mwaka. Tena wale wa Duke walikuwa wanafanya mazoezi pamoja kwa kikundi, kwa hivyo mimi naamini kuwa na wenzako nako kuna sehemu yake kubwa.

Kipimo cha kutembea: Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Hiyo 150 ni nusu saa siku tano. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Sisi tulikuwa tunajipima kwa umbea, ukishindwa kumaliza sentensi punguza mwendo, ukiweza kumsema jirani bila kupumua basi unatembea kama uko harusini, ongeza. Na usianze na nusu saa kama umekaa mwaka mzima. Dakika kumi zinatosha kuanza.

Sasa jimu. Katikati hapo nkashawishika nkajiunga na jimu moja mjini yenye masaa ya wanawake, nkalipa miezi mitatu kwa mpigo, elfu tisa, nkaambiwa ni ofa. Muziki juu kabisa, treina kila akikuona anakuuliza umepunguza kilo ngapi, anakupandisha kwenye mizani mbele ya watu. Mimi nimekuja na kichwa changu yeye anataka kiuno changu. Nkaenda wiki chache nkaacha, pesa hazirudi. Sisemi jimu ni mbaya, nina rafiki ambaye kunyanyua vyuma ndo kumemtoa kwenye huzuni ya talaka, lakini lipa kwa siku kwanza, uone kama mahali penyewe panakufaa, usilipe ofa.

Viatu nunua. Nlianza na champali, nkatoka malengelenge nkakaa siku kadhaa siwezi hata kwenda dukani. Raba za mtumba soko la Kongowea nlipata kwa mia nane, bado ninazo. Nguo, dera halifai, upepo wa Mama Ngina utakufedhehesha. Navaa abaya nyepesi isiyo pana sana, suruali ndani, na mtandio wa kitambaa cha jezi ambao hauhitaji pini. Vijana wa boda watasema maneno, ukiwa peke yako yanakera, mkiwa watatu wanne yanapungua sana, na baada ya muda wanakuzoea wanakusalimia "shikamoo mama mazoezi".

Nyumbani pia maneno yalikuwepo. Nlipopungua mwili kidogo wakaanza, "umekonda, kwani mumeo vipi?" Shangazi yangu mmoja akasema hadharani ati mwanamke wa heshima hatembei asubuhi asubuhi bila shughuli. Ami akamjibu palepale, kwani Mtume (s.a.w.) hakushindana mbio na Bi Aisha? Shangazi akanyamaza. Siku hizi anafuatana nasi Jumapili, analalamika magoti njia nzima, lakini anakuja.

Miezi ya kaskazi, hasa kuanzia Januari mpaka Machi, ndo migumu. Joto lenyewe linapandisha moyo na kuleta kizunguzungu, kwa mtu wa wasiwasi hiyo ni rahisi kuchanganya na shambulio. Kunywa maji kabla ya kutoka, na jua likishapanda rudi nyumbani. Ramadhani tunahamisha, tunatembea polepole karibu na magharibi ili maji yawe karibu, au baada ya tarawehe ambapo mji mzima uko nje na viazi karai vinakuita kila kona.

Jambo moja usilifanyie mchezo. Kama kifua kinauma ukijitahidi kisha kinaacha ukipumzika, au umezimia, au maumivu yanaenda mkono na taya, au kwenu kuna watu waliokufa kwa moyo wakiwa vijana, usijiambie ni wasiwasi kwa sababu umesoma hapa, kapimwe kwanza. Na kama mawazo yamefika mahali unafikiria kujidhuru, kutembea hakutoshi, mwambie mtu leo leo, uende hospitali na mtu, hilo halina aibu.

Mvua za kusi zikija, kuanzia Aprili, njia inakuwa tope na wenzangu wanapotea mmoja mmoja, nami nkaanza kutumia zile zile ngazi nilizokuwa nazikimbia. Napanda na kushuka toka chini mpaka darini, dakika kumi na tano, raba miguuni. Mpangaji wa chini akaja kugonga, ati kila asubuhi anasikia mtu anakimbizwa ndani ya nyumba na hajui kama aite watu au avumilie. Tumekubaliana nianze saa moja kamili, watoto wake wakishatoka kwenda shule.